Msinilaze, Nisindikizeni

Maneno haya yalisemwa na mama mmoja, mwanachama wetu, katika mkutano mkuu wa chama hapa Lulimba. Sanduku letu la mshikamano lilimsaidia kwenda kupasuliwa goti. Hesabu ya makuta mweka hazina alikwisha kuisoma. Mama aliomba nafasi atoe hesabu ya mguu wenyewe. Katibu aliandika, kisha akamsomea, naye akakubali. Ameomba jina lake lisiwekwe, ingawa anayemjua anamjua.

 

Naomba muone kitu kimoja kwanza: nimesimama. Mwaka juzi, kwenye mkutano kama huu, wajukuu wawili waliniingiza hapa wakinibeba kama gunia la muhogo. Nikawekwa pale karibu na mlango. Nilipotaka kwenda chooni nilinyamaza mpaka mkutano ukaisha, kwa sababu ya haya. Leo nimetoka nyumbani kwangu kwa miguu yangu na fimbo hii, na njiani nimepumzika mara moja tu.

(Makofi.)

Asanteni. Lakini makofi yasiwe mingi, maana nimekuja pia kuungama. Ninyi mlitoa makuta yenu, mtoto wangu aliye Marekani akatoa yake, na mimi nikauza mbuzi. Makuta yale yote kidogo tu yapotee bure. Nilikuwa naelekea kuyapoteza mimi, na ninyi, kwa mapendo yenu, mlikuwa mnanisaidia kuyapoteza. Hayo ndiyo nataka tuzungumze bila kuoneana haya.

Goti liliishia wapi

Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996, wengine 1998. Mimi nilivuka na watoto wanne na sufuria moja. Kule kambini Lugufu, mnakumbuka, maji ni foleni na kuni ni mbali. Dumu la lita ishirini kichwani asubuhi, mzigo wa kuni jioni, miaka nenda, miaka rudi. HCR ilianza kuturudisha mwaka 2005, na zamu yangu ilifika baadaye. Nilipanda meli ya Mwongozo pale Kigoma, na siku ile niliposhuka Baraka, goti langu la kuume lilikuwa linalia kama mlango wenye kutu. Nikasema ni uchovu wa safari.

Tukafika Lulimba. Nyumba imeanguka, shamba limekuwa pori. Nani angekaa chini aseme goti linamuuma? Tulifyeka, tukalima, tukapanda muhogo na karanga, tukapalilia tukiwa tumechuchumaa. Miaka ikaenda. Goti likavimba, mguu ukapinda kama upinde. Nilinunua vidonge sokoni, nikanyweshwa mizizi, nikachanjwa chale. Mwisho usiku silali, na mchana siwezi kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushika ukuta.

Daktari alinieleza hivi. Mwisho wa mfupa umefunikwa na kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Mnakiona kwenye mfupa wa kuku, pale mwishoni tunapopenda kutafuna. Wanakiita gegedu. Kwa wengine kinalika kidogo kidogo na umri, na mizigo, na uzito wa mwili. Kikiisha, mfupa unasaga mfupa. Dawa inaweza kupunguza maumivu, lakini gegedu lililokwisha vidonge havilirudishi.

Hapa kwetu goti la chuma halifanyiki. Ndiyo maana nilirudi kuvuka ziwa, safari hii si kwa kukimbia vita. Nilitoka Baraka mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma nikapanda treni mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, ile wanayoiita MOI. Nilipokuwa pale niliambiwa kwamba taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Nikacheka peke yangu. Mwaka uleule sisi tunakimbia na masufuria, wenzetu walikuwa wanaanzisha nyumba ya kutengeneza mifupa, na mimi sikujua kwamba siku moja nitaihitaji.

Kwa wale wanaosema sokoni kwamba nimewekewa mguu wa marehemu, naomba leo tuyamalize.

(Kicheko.)

Mguu ni wangu. Wanakata kidogo tu mwisho wa mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi, pale palipoharibika. Wanapafunika kwa chuma juu na chini, na katikati wanaweka plastiki ngumu ili chuma kiteleze juu yake. Kazi yenyewe ni kama saa mbili hivi. Misuli, nyama, ngozi, vyote vinabaki vilevile vya zamani. Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia: chuma ni kipya, lakini msuli unaokisukuma ni uleule uliolala miaka mitano.

"Mama, simama"

Kesho yake asubuhi, nikiwa bado nina usingizi wa dawa, akaja kijana wa mazoezi ya viungo. Akasema: mama, simama. Nilimwangalia nikamwona mwenda wazimu. Kwetu mtu aliyepasuliwa jana anafunikwa blanketi na kunyweshwa uji. Akaniletea kile kigari cha chuma cha kushikilia, nikasimama, nikapiga hatua sita. Nililia. Akaniambia: lia, mama, lakini tembea huku unalia.

Akanieleza sababu, na nataka muishike. Mtu akilala tu baada ya upasuaji wa goti, damu inaweza kuganda kwenye mguu. Donge hilo likisafiri mpaka kwenye mapafu linaweza kumuua. Tena, jeraha linapopona ndani, nyama zinashikana. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa katika wiki za kwanza, zinashikana vibaya, na goti zuri la makuta mingi linakuwa nguzo.

Alinipa kazi za kila siku, aliziandika kwenye karatasi, na karatasi ni hii hapa, imechakaa. Kwanza, kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini, mara nyingi, hata ukiwa umelala. Pili, kunyoosha mguu kitandani, kusukuma goti lizame kwenye godoro, kuhesabu mpaka tano, kuachia, mara kumi. Tatu, kuburuza kisigino kuja kwenye makalio ili goti likunje. Nne, kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Tano, kutembea, kila siku kuzidi jana kidogo. Na kabla ya mazoezi, kunywa dawa ya maumivu kama daktari alivyoandika, kwa sababu mtu anayeumia sana hafanyi mazoezi.

Nilikaa Dar es Salaam wiki sita. Nilipoondoka goti lilikuwa linakunja nyuzi tisini na kitu. Nyuzi tisini ni kona ya meza. Ukifika hapo unaweza kukaa kwenye kiti kama mtu. Kwenye treni nilisimama kila saa, nikatembea kwenye kile kijia cha behewa mpaka abiria wakaniuliza nimepoteza nini.

Mto wa kulalia

Sasa nakuja nyumbani, na hapa ndipo pa kuungama.

Siku nilipofika mlinipokea kwa nyimbo. Mlipika bukari, sombe na samaki. Mlinitandikia godoro, na mtu mmoja mwenye roho nzuri akakunja mto akauweka chini ya goti langu, ili lipumzike. Ah, mto ule ulikuwa mtamu! Na kila nilipotaka kusimama, watu wanne wanasema: mama, kaa, utavunja goti la watu. Nikiomba maji, yanaletwa. Nikitaka kwenda jikoni, nafukuzwa. Majirani wananiambia: tulichanga ili upumzike, pumzika.

Na mimi nikapumzika. Sitawasingizia ninyi peke yenu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, na kupumzika ilikuwa tamu. Karatasi hii niliiweka chini ya sanduku.

Mwezi wa tatu ulipofika, goti lilikuwa halinyooki sawasawa, kwa sababu ya ule mto. Mguu ukilala usiku mzima umekunjwa kidogo, unazoea kukaa hivyo, na kesho ukitembea unachechemea. Na kukunja, lilikuwa limerudi nyuma. Nikikaa kwenye kiti, mguu unabaki umetokeza mbele kama mpini wa jembe. Maumivu yalirudi. Nikaanza kusikia maneno. Mtu mmoja alisema, naye hakujua niko nyuma ya ukuta: makuta yetu yamekwenda na maji.

Baba mmoja alikuwa ameuliza kabla sijaondoka, hapa hapa mkutanoni: makuta ya goti moja yananunua majembe mangapi? Wengine walimzomea. Mimi nawaambia leo, hakukosea kuuliza. Usiku ule nilikuwa nahesabu yale majembe moja moja gizani. Mwezi huo sikuja mkutanoni. Mliambiwa nina homa. Homa sikuwa nayo.

Mstari wa makaa

Aliyenitoa pale ni jirani yangu mmoja, na yeye pia hataki nimtaje. Alikuja jioni, akaona mguu, hakuniambia pole. Akauliza: ile karatasi iko wapi? Tukaitafuta. Akanipiga picha na simu nikiwa nimekunja goti mwisho wa uwezo wangu, akaituma kwa yule kijana wa mazoezi. Jibu likaja kesho yake: kwanza, muonyeshe goti kwa munganga aliye karibu, ahakikishe hakuna homa, usaha wala wekundu. Kama ni salama, anzeni leo, kesho mtakuwa mmechelewa.

Munganga akaliangalia, akasema ni salama. Mto tukautoa. Tangu siku ile nikilala chali kitambaa kilichokunjwa kinakaa chini ya kisigino, goti liko hewani, linyooke lenyewe kwa uzito wake. Kwa uvimbe, wenzetu wa mjini wanatumia barafu. Sisi tuko na mtungi. Kitambaa kilicholowa maji ya mtungini, dakika kumi na tano, mguu umeinuliwa, kinafanya kazi.

Kisha jirani akachukua kaa la moto lililozimika. Nikakaa kwenye kiti, kiti kimeegemea ukuta, mguu uko sakafuni. Nikaburuza kisigino nyuma mpaka mwisho, akachora mstari mweusi pale kisigino kilipofika. Akasema: Jumamosi ijayo tutachora mwingine. Jumamosi iliyofuata kisigino kilivuka mstari kwa upana wa kidole kimoja. Mimi nikaona kidole kimoja ni kidogo, yeye akakenua meno kama ameokota dhahabu ya Misisi. Wiki nyingine hakikusogea kabisa. Wiki nyingine kidole na nusu. Wajukuu wakawa wanakuja kuangalia mistari kama watu wanaoangalia matokeo ya mitihani.

Kila siku saa kumi jioni alikuwa anakuja, tunatembea. Siku za kwanza ni mpaka kwenye mwembe na kurudi. Nikimwambia leo mvua, ananiambia tutatembea ndani, mara ishirini ukuta kwa ukuta. Alinifundisha kupanda na kushuka kizingiti: ukipanda, mguu mzima unatangulia, ukishuka, mguu uliopasuliwa unatangulia na fimbo. Mzima hupanda, mgonjwa hushuka. Hata mtoto anaweza kushika hilo.

Baadaye ikaja kinga, ile tuliyokuwa tunaiita baiskeli kule Tanzania. Msicheke, sikuiendesha barabarani. Kinga ya mjukuu wangu iko na stendi ile ya kuinua gurudumu la nyuma. Tukaisimamisha ndani ya nyumba, vijana wawili wakaishika isianguke, kiti kimeinuliwa juu, nikapandishwa. Mara ya kwanza pedali haikuzunguka hata mara moja. Nikawa naipeleka mbele nusu, nairudisha nyuma nusu, kama mtu anayetikisa mtoto. Siku ya tisa ikazunguka. Nilipiga kelele mpaka jirani wa pili akakimbia kuja na panga.

(Kicheko kirefu.)

Tulifanya hivyo miezi sita. Leo kisigino kimevuka mistari mingi. Goti linanyooka karibu sawasawa, na linakunja kupita ile kona ya meza. Daktari alisema mtu anaendelea kupata nafuu mpaka mwaka mzima, na uvimbe kidogo jioni kwa miezi ya kwanza si ajabu. Lakini sitawadanganya. Ile miezi niliyolala sikuirudisha yote. Ningeanza siku ya kwanza niliyofika, ningekuwa mbali zaidi.

Ninachoweza na nisichoweza

Wengi mnaniuliza: basi mama, umerudi kazini? Nimerudi, kwa namna yangu.

Shambani nakwenda. Fundi aliniwekea jembe mpini mrefu, nalima nimesimama, saa moja, napumzika, saa nyingine. Kumenya muhogo na kuchambua karanga nafanya nikiwa kwenye kiti. Maji nabeba kidumu cha lita tano, mara mbili. Lile dumu la lita ishirini kichwani, hapana. Naomba mtu asinipe hilo tena hata kwa utani.

Kuchuchumaa siwezi, goti halikunji mpaka huko, na wengi waliopasuliwa ni hivyo. Seremala alinitengenezea kiti chenye tundu, nakiweka juu ya shimo la choo. Kitu kile ni cha bei ndogo kuliko vyote nilivyopata, na ndicho kilichonirudishia heshima yangu. Kupiga magoti hakuvunji chuma, daktari alisema, lakini kunauma, na ngozi kando ya kovu imekufa ganzi. Kanisani naomba nimekaa. Ndugu zetu Waislamu nao wanajua kwamba mgonjwa anaruhusiwa kusali akiwa kitini. Mungu haangalii goti.

Kwenye moto ya abiria napanda kutoka kwenye jiwe, na namwambia dereva asikimbie. Kucheza ngoma taratibu nacheza. Kuruka, kukimbia, mpira, hapana, maana ile plastiki ya katikati inaweza kulika haraka, na kuanguka kunaweza kuvunja mfupa karibu na chuma.

Wengine wanauliza litadumu miaka mingapi. Mwaka 2019 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilitoa hesabu za magoti mengi ya Australia na Ufini. Katika kila magoti kumi, kama manane yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Watu wa Ufini sijui kama wanapalilia muhogo. Lakini kwa umri wangu, miaka 25 inanitosha na chenji inabaki.

Na mlinzi wa goti hili ni mimi. Muundi ukivimba na kuuma ghafla, au kifua kikibana na pumzi ikawa fupi, ni hospitali saa ileile. Goti likiwa jekundu, la moto, likitoa usaha, au nikipata homa na goti linauma, ni hospitali, hata kama imepita miaka kumi. Chale hazitapita tena juu yake, wala mtu wa sindano za mtaani hataligusa. Kidudu kikiingia kwenye chuma, kukitoa ni kazi kuliko upasuaji wa kwanza.

Kwa ninyi wenye magoti yenu

Nawaona pale nyuma mnaosugua magoti wakati nasema. Najua. Wengi wenu hamtakwenda Dar es Salaam. Makuta hayapo, na wengine hamuhitaji kupasuliwa. Lakini karatasi hii ni yenu pia.

Misuli ya paja ikiwa na nguvu, goti linapunguziwa mzigo na maumivu yanapungua. Fanyeni hivi: kaa kwenye kiti, simama bila kushika, kaa tena polepole. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, na baada ya wiki ongeza. Nyoosha mguu kitandani, sukuma goti chini, hesabu tano. Tembea kila siku mahali tambarare. Mungu alitupa uwanda, tuutumie. Likiuma kidogo wakati wa mazoezi na kutulia baadaye, endelea. Likivimba na kuuma mpaka kesho yake, punguza.

Fimbo ishikeni upande wa mguu mzima. Ndiyo, upande wa mzima. Goti langu bovu lilikuwa la kuume, na fimbo iko mkono wa kushoto. Nilitembea miaka mitatu nikiishika upande mbaya. Na wale ambao Mungu amewabariki na kilo nyingi: wataalamu wanasema kila kilo moja ya mwili unayoipunguza, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Hiyo ni dawa isiyouzwa.

Na goti likianza kulia, nendeni kwa munganga mapema. Mimi nilingoja mpaka mguu ukapinda.

Ombi langu

Sasa najibu lile swali la majembe. Goti moja linanunua majembe mingi, kweli. Kwa hiyo sitaki chama kiseme tumempeleka mmoja, sasa twende na wa pili, kabla hatujajifunza kwa huyu wa kwanza. Naomba mambo manne, na ninyi marafiki wa mbali mnaotusaidia myasikie pia.

La kwanza: mwanachama yeyote atakayekwenda kupasuliwa goti, nyonga au mguu, kabla makuta hayajatoka kwenye sanduku, tuchague watu wawili wa kumsindikiza kwa miezi sita atakaporudi. Majina yao yaandikwe kwenye daftari pamoja na makuta. Bila wasindikizaji wawili, makuta yasitoke. Goti langu liliokolewa na mtu mmoja aliyekuja kila saa kumi, naye hakulipwa hata senti.

La pili: magongo, fimbo na viti vya choo viwe vya chama, vya kuazimana. Magongo yangu mawili natoa leo. Katibu, haya hapa, yaandike kuwa namba moja na namba mbili.

La tatu: seremala wetu afundishe vijana kutengeneza mipini mirefu na viti vyenye tundu. Bei yake si kubwa, na wazee wanaovihitaji hapa ni wengi kuliko wanaohitaji kupasuliwa.

La nne: Jumanne na Jumamosi saa kumi jioni, mimi nitakuwa mbele ya ofisi hii na fimbo yangu. Anayetaka kutembea aje. Tutakwenda mpaka barabara ya soko na kurudi. Anayechoka tutamngoja.

Ndugu zangu, sisi watu wa ukimbizini tunajua sana kupokea mgonjwa. Tunajua kufunika, kulisha, kubeba. Tulijifunza hayo njiani, wakati asiyebebwa alikuwa anaachwa. Siwalaumu kwa kunibeba. Lakini sasa tumefika nyumbani. Mkiniona nasuasua barabarani, msije mbio kunikalisha. Njooni mtembee nami, polepole kama ninavyotembea, mpaka pale kwenye mwembe.

Nimemaliza. Naomba kiti, mkeka hapana.

(Makofi. Mama alikaa.)

Kutoka kwa katibu: Mkutano ulikubali mambo yote manne. Magongo namba 1 na namba 2 yako ofisini, yanaazimwa kwa kuandika jina. Wanaotaka kujiandikisha kuwa wasindikizaji waje ofisini siku yoyote ya mkutano. Matembezi ya Jumanne na Jumamosi yameanza, na siku ya kwanza walikuja watu kumi na wawili, pamoja na yule baba aliyeuliza habari ya majembe.